Mguu Mmoja, Mikono Miwili

Niambieni kitu: nyumba imejaa mabibi harusi, kila mmoja na shela yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwa mumewe.

Msijisumbue. Ni stoo yangu.

Humo mna majembe sita yenye rangi ile ile ya dukani, nyekundu kama pilipili. Mna glovu za bustani ambazo bado zimeshikana kwa ule uzi wa kiwandani, pacha wasiotaka kutengana. Mna mkasi wa kupogolea miti ya matunda, nami sina mti wa matunda. Mna kijiti cha kupimia unyevu wa udongo. Hicho nilikijaribu mara moja, ndani ya sufuria ya uji wa mtama. Kikaniambia ni mkavu, nikaongeza maji, tukanywa uji wa kuoshea mikono. Halafu kuna kinyunyizio cha shaba. Ah, kinyunyizio cha shaba! Kizuri mpaka nikikitia maji najiona nakivunjia heshima, kwa hiyo spinachi zangu nazimwagilia kwa kopo la rangi lililotobolewa msumari.

Spinachi zangu zilikuwa nne. Kuku alipita, zikabaki tatu.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye mwenyekiti wa chama chetu. Miaka tisa iliyopita kilikuwa Chama cha Bustani cha Thamaga, kijiji chetu. Bwana shamba alikuja akatufundisha kuinua matuta, akatuambia kila mmoja alete jembe lake tulitazame makali. Tukayatazama. Mwezi uliofuata mmoja akaleta jembe jipya, wa pili akaleta jipya kuliko la yule, na kufika mvua za mwaka ule hakuna aliyekumbuka tena habari ya matuta. Siku hizi watu wa Thamaga wanatuita Chama cha Nimenunua, nasi hatujaona sababu ya kukanusha.

Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa RraThuto, yaani Baba Thuto, kwa sababu baraza lake linapata jua la mchana na mkewe anakaanga magwinya laini, maandazi yetu ya mviringo. RraThuto alikuwa karani wa ofisi ya ardhi miaka thelathini na moja. Mtu aliyegawa viwanja muda wote huo hawezi kuona watu wamekaa bila kuwawekea mipaka, kwa hiyo yeye ndiye aliyetuwekea kanuni. Ulichonunua unakuja nacho kimefunikwa nguo. Unakitegea kitendawili kama bibi zetu walivyotutegea, "Niambieni kitu", na wengine wanajibu kuanzia aliye kushotoni kwako, mmoja baada ya mwingine, kila mtu jibu moja tu. Atakayefumbua anaondoka nacho siku hiyo hiyo, naye atakitumia mpaka mwenyewe aje kukidai kwa miguu yake. Wakishindwa wote, unarudi nacho nyumbani.

Mimi nilikuwa narudi navyo vyote. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini vitendawili nilivisoma kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwa na likizo. Kwa miaka tisa wamenifumbulia mara mbili. Na mara zote mbili, jogoo hajamaliza kuwika, mimi niko langoni kwa aliyefumbua, nimejifunga blanketi, nadai changu. MmaTebatso, Mama Tebatso wa chama chetu, mpaka leo anasema reki yangu ililala kwake kama abiria aliyekosa basi.

Sasa niwaambie habari ya MmaSeabelo.

Huyu ni jirani yangu wa miaka thelathini na minane. Kati yetu pana waya tu, na waya wenyewe umelala kwa kuegemewa. Katika chama kizima yeye peke yake ndiye mwenye bustani. Hanunui kitu. Anakuja na fungu la mboga chini ya kitambaa, hategi hata kitendawili, anasema tu, "Ni spinachi, jamani, gawaneni, nipeni chai." Kwa spinachi hizo ndiyo anakula, ndiyo anachangia misiba, ndiyo anawalipia wajukuu viatu vya shule.

Lakini vidole vyake vimevimba viungo vyote, vimekuwa kama mizizi ya tangawizi. Baridi ya Juni ikiingia, hawezi kufumba kiganja. Mpini wa jembe anaushika kwa vifundo vya mikono kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Mwezi wa tano alikuja kwenye waya, akaniambia, kwa sauti ya kuniuliza kama nina chumvi, "Mwaka huu ndio wa mwisho, MmaOnalenna. Ninachovuna nitavuna. Halafu nafungua geti, mbuzi waingie."

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Niliona stoo yangu kupitia dirishani, mabibi harusi wote wamejipanga, nikaona haya hadi masikioni.

Mtasema, basi si umpe kitu? Hamumjui. Ukimpa MmaSeabelo kikombe cha sukari, anarudisha kuku. Si maneno, kuku mzima, amefungwa miguu. Nilipompa sweta la marehemu dada yangu, aliniletea mguu wa mbuzi, na najua mwezi ule hakuonja nyama yeye mwenyewe. Kumpa MmaSeabelo ni kumfilisi. Kitu anachoweza kukichukua bila kulipa ni kile tu alichokishinda.

Basi nikauza mbuzi, yule mwenye sikio lililokatika, nikapanda basi mpaka Gaborone. Kwenye duka la vifaa vya kilimo nikamwambia muuzaji, "Mwanangu, nataka jembe la mtu asiye na vidole." Hakucheka. Akaniletea jembe la gurudumu: gurudumu moja mbele, wembe wa kupalilia umelala chini yake, na mipini miwili mirefu nyuma. Husukumi kwa vidole, unasukuma kwa viganja, wima, kama unayesukuma mlango. Nililisukuma mle dukani mpaka mlinzi akanifuata. Na niseme kweli, kwa sababu uongo wangu unakuja baadaye: nililipenda. Kwenye basi la kurudi nilikuwa nimelikumbatia, nikawaza, labda nilitumie mwezi mmoja kwanza. Mwezi mmoja tu. Kisha nikamkumbuka yule mbuzi na sikio lake, nikajizomea.

Kazi ikabaki kitendawili. Niliwahi kutunga vigumu usingizini, lakini chepesi? Chepesi kilinitoa jasho wiki tatu. MmaSeabelo, Mungu ambariki, ni mwerevu katika mambo yote isipokuwa hilo. Kwake kila kitendawili ni swali la kawaida lililoulizwa na mtu mwenye mafua. Na ilibidi ajibu wa kwanza, kwa sababu MmaTebatso akipata nafasi tu hakosi. MmaTebatso ana duka la vipodozi, ana pikapu mpya, ana ulimi mpya kila siku. Akishinda jembe lile atalisimamisha langoni kwake, alipake rangi nyeupe, alitundikie maua ya plastiki.

Mpango wangu ulikuwa huu: nafika mapema, naweka kiti cha MmaSeabelo kushotoni kwangu, natega kitu ambacho hata mtoto anayenyonya angekifumbua.

Nilifika mapema. Nililiegemeza jembe ukutani, nikalifunika kwa kitambaa cha meza cha harusi yangu. Mipini ilichungulia juu kama pembe.

"Umenunua ng'ombe?" aliuliza MmaTebatso akishuka kwenye pikapu.

"Mbona na wewe umewahi hivyo, leo dukani hakuna wa kumbandika kope?"

"Nimemwachia msichana. Nimesikia umepanda basi na kitu kirefu. Siwezi kukosa."

Akakaa. Akakaa wapi? Kushotoni kwangu, pale pale.

"Hapo ni pa MmaSeabelo," nikasema.

"Pameandikwa?"

RraThuto, ambaye alikuwa anatoa kikohozi cha kufungulia mkutano, alitazama kiti kweli kama kimeandikwa. MmaSeabelo akaingia, fungu la mboga kwapani, mikono imefichwa ndani ya shali. Nikampungia, "Njoo huku, mwenzangu, njoo ukae hapa." Akasema, "Huko kuna kivuli, mama, mifupa yangu inataka jua," akaenda kuketi ng'ambo ya pili, mwisho kabisa, ambapo jua lilikuwa linapiga.

Alianza RraThuto. Alileta kitu kipana chini ya taulo, akakipakata magotini.

"Niambieni kitu," akasema. "Kina meno mia moja na manne. Hakiumi mtu. Ukikigusa jino kinalia."

Mkewe alikuwa anamimina chai, akatikisa kichwa tu, maana yeye alikijua na alikuwa amechoka nacho. Kushotoni kwa RraThuto alikuwa MmaSeabelo. Alifikiri sana.

"Mamba," akasema.

"Mamba anauma," nikamwambia.

"Aliyekufa."

"Aliyekufa analiaje ukimgusa jino?"

"Umewahi kumgusa?"

Mnaona sasa nilichokuwa napambana nacho. Mimi nikasema kitana cha umeme, maana akili yangu haikuwepo. MmaTebatso akasema kinanda cha kanisani, na RraThuto akamwambia, "Uko karibu, lakini aliye karibu na mlango bado yuko nje." Kisha akafunua taulo kwa adabu, kama anayemfunua mtoto kwa ajili ya ubatizo. Ilikuwa kibodi ya kompyuta. Lakini si hizi nyembamba za ofisini. Hii ilikuwa nzito kama tofali, vitufe vimesimama wima, na alipovichapa vililia *chaka-chaka-chaka* mpaka kuku wakainua vichwa.

"Mwanangu kaniagizia kutoka nje," akasema. "Ina springi chini ya kila kitufe. Sikilizeni kitufe cha nafasi." *Doko.* "Mmesikia?"

"Kompyuta yake iko wapi?" akauliza MmaTebatso.

"Kompyuta ya nini?"

"Si ya kuandikia?"

"Haiandiki," RraThuto akasema. "Inalia. Ni sauti ile ile ya taipureta yangu ya ofisini, miaka thelathini na moja. Jioni nachapa kidogo, nalala vizuri."

Waya wake ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa mpira, haukuingia popote duniani. MmaTebatso alifungua mdomo amcheke, akatazama majembe yangu sita akilini mwake, na taa zake ishirini za bustani ambazo hazina bustani, akaufunga.

Ikawa zamu yangu. Nikasimama, nikashika kiti changu, nikakisogeza. Kushotoni bado MmaTebatso. Nikakizungusha baraza zima, mguu wa kiti ukikwaruza saruji, nikapita nyuma ya RraThuto, nikakwama kwenye ndoo ya magwinya, nikaomba radhi, nikaendelea.

"Kulikoni?" akasema MmaTebatso. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Natafuta jua."

"Jua ulilipita pale."

Nilikitua kiti upande wa pili wa MmaSeabelo, yeye sasa akiwa kushotoni kwangu hasa, wa kwanza kujibu. Nyonga zilikuwa zinaniwaka moto. Lakini mpaka ulikuwa umekaa sawa. RraThuto aliutazama, akanitazama mimi, akaitazama mikono ya MmaSeabelo ndani ya shali. Karani wa viwanja anajua mtu anayesogeza jiwe la mpaka. Akahamishia kiti chake kwenye pengo nililoliacha, kati ya MmaSeabelo na MmaTebatso, na MmaTebatso akawa wa mwisho.

Nikaelekeza kidole kwenye kitambaa.

"Niambieni kitu. Kina mguu mmoja. Kina mikono miwili. Kinapalilia shamba zima na hakiinami."

Nikamgeukia MmaSeabelo na uso wa mtu anayemlisha mtoto uji, mdomo wangu mwenyewe umefunguka. Wiki nzima nilikuwa nimemsemea jambo hilo kwenye waya. Nilimwambia nimeona Gaborone jembe lenye gurudumu. Nilimwambia mara tatu. Nilimchorea mchangani!

MmaSeabelo alikitazama kitambaa cha meza. Akaitazama ile mipini miwili iliyochungulia. Macho yakamlainika.

"Mume wangu," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Niwaambieni wajinga ni akina nani: wajinga ni watu wanaotunga kitendawili wiki tatu na kumsahau jirani aliyeishi ng'ambo ya waya miaka ishirini. RraSeabelo alirudi kutoka migodi ya Johannesburg na cherehani moja na mguu mmoja. Alikuwa akipalilia amesimama wima, fimbo kwapani, mpini ameurefusha kwa bomba la chuma ili asiiname, maana akiinama alikuwa anaanguka. Thamaga nzima ilimjua hivyo. Nami nimekaa nikamchora marehemu wa watu mguu kwa mguu, mkono kwa mkono, nikamleta kwenye chai.

Kisha MmaSeabelo mwenyewe akaanza, kicheko kidogo cha puani, "Mguu mmoja, mikono miwili, hainami! Jamani, si ndiye?" na sote tukacheka hadi mke wa RraThuto akaketi chini. Lakini mimi nacheka huku nikihesabu majibu. Jibu lake lilikuwa limekwisha. Jibu moja tu, kanuni.

"RraThuto, zamu yako," akasema MmaTebatso, ameshakaa ukingoni mwa kiti kama paka aliyeona mkia.

RraThuto alilitazama lile umbo, na gurudumu lilikuwa limejitokeza chini ya pindo la kitambaa, wazi, jeusi, jipya. Alikuwa na macho mazuri kwa umri wake.

"Mwavuli," akasema.

"Mwavuli unapalilia?" MmaTebatso akashangaa.

"Ndivyo nilivyoona. Zamu yako, mama."

MmaTebatso alijinyoosha sketi. "Jembe la gurudumu," akasema. "Walifunue nikalipakie."

Naam. Sasa sikilizeni. Kwa miaka sitini na sita, tangu magotini kwa bibi yangu, sijawahi kudanganya katika kitendawili. Mengine nimedanganya. Umri wangu nimeudanganya hadi kwa daktari. Bei ya kinyunyizio cha shaba, mume wangu alikufa haijui. Lakini kitendawili, ukifumbuliwa, unasema umefumbuliwa. Bibi yangu alisema anayekana jibu la kweli ataota mkia.

"Siyo," nikasema.

"Siyo?"

"Siyo. MmaSeabelo ndiye aliyepata. Jibu ni RraSeabelo."

MmaTebatso aliinuka, akashika pindo la kitambaa changu cha harusi, akakivuta chote kwa mkupuo mmoja. Jembe likasimama pale juani, gurudumu moja, mipini miwili, linang'aa kama aibu yangu.

"Huyu ni RraSeabelo?" akasema. "Mimi nilimzika RraSeabelo. Nilipika pale siku tatu. Hakuwa na tairi."

"Ndilo jina lake," nikasema. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, sijui yalikuwa yanatoka wapi. "Ng'ombe ana jina. Mbuzi niliyemuuza alikuwa na jina. Jembe lisiwe na jina? Nimeliita RraSeabelo. Limeitwa tangu dukani. Muulizeni muuzaji."

"We mama mzee! Unadanganya mbele ya magwinya!"

"Kwani kanuni inakataza kukipa kitu jina?"

Wote tukamgeukia RraThuto. Akavuta kibodi yake magotini. Akanyoosha vidole, akavaa uso wa ofisi ya ardhi, ule uliowatoa watu jasho miaka thelathini na moja, akaanza kuchapa. *Chaka-chaka-chaka-chaka. Doko. Chaka-chaka.* Alichapa muda mrefu, akisoma kwa sauti. "Kitu... kinachoitwa... RraSeabelo. Aina... jembe. Aliyefumbua... MmaSeabelo. Tarehe." *Doko.* "Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" akapiga kelele MmaTebatso. "Hicho kitu hakina kompyuta!"

"Imeandikwa, mama," akasema RraThuto. "Ukitaka kukata rufaa, lete barua."

MmaTebatso akatuangalia mmoja mmoja. Halafu akamwangalia MmaSeabelo, nami nikafuata macho yake. MmaSeabelo alikuwa hacheki tena. Katika kukimbizana na kanuni nilikuwa nimesahau kwamba mwenyewe yupo, ana masikio, na si mjinga. Alikuwa amejua yote. Wiki nzima ya waya, mchoro wa mchangani, kiti kilichozunguka baraza. Akinikataa pale mbele ya watu, asingelishika jembe lile wala lingine maishani mwake, na mbuzi wangeingia.

Akainuka. Akatoa mikono kwenye shali. Aliliendea jembe, akalizunguka, akaweka viganja vyake juu ya mipini, vidole vimeachwa wazi kama vilivyo, havikuhitaji kukunjwa. Akalisukuma. Likatoka barazani, likashuka kwenye mchanga uliofagiwa wa mke wa RraThuto, likakata mstari mmoja safi hadi kwenye banda la kuku. Akaligeuza. Akarudi nalo.

"Linatembea vizuri kuliko yeye," akasema. "Yule ukimwambia kushoto alikuwa anakwenda kulia, kusudi tu."

Kisha akanisogelea mpaka nikanusa udongo kwenye shali lake.

"Nimeshinda?" akaniuliza. Taratibu. Mimi na yeye tu.

"Umeshinda."

"Sikupewa?"

"Nikupe mimi? Uliza hapa mtu yeyote kama nimewahi kumpa mtu kitu."

Hilo lilimwingia. Lilikuwa kweli mno, hakuwa na pa kulikataa.

"Haya," akasema. "Lakini tunakujua. Kesho alfajiri utakuja kumdai."

MmaTebatso alinipeleka nyumbani kwa pikapu yake, na hakunipeleka kwa wema. Alizima gari langoni kwangu, akasema, "Nilijibu sawa. Wewe unajua, mimi najua, na lile gurudumu linajua. Nadai changu." Nikafungua stoo. Alisimama mlangoni muda mrefu, akatazama majembe sita, glovu pacha, reki iliyolala kwake usiku mmoja.

"Hii ni stoo," akauliza, "au ni makaburi?"

"Chagua, uende."

Akachagua kinyunyizio cha shaba. Nilijua angechagua hicho. Nilikitoa kwa mikono miwili, nikakipangusa vumbi kwa ncha ya kilemba, na alipokuwa anaondoka kilikuwa kimekaa kiti cha mbele kama bibi harusi, kimefungwa mkanda. Hatimaye mmoja amepata mume. Sikulia. Nilipenga tu pua.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jogoo, mazoea. Miguu ilishaingia kwenye viatu, blanketi begani. Niwaambie kweli, nilifika hadi mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Jembe zuri lile, na wembe wake haujapata hata mkwaruzo, na labda amelilaza nje, na umande... Nikaviondoa viatu. Nikavitupa chini ya kitanda, mbali, niinamie nikitaka, na mgongo wangu ukanisaidia kutotaka.

Nikakaa. Nikawasha moto wa chai, kukaanza kupambazuka. Ng'ambo ya waya nikasikia *kwi, kwi, kwi*, gurudumu, likienda na kugeuka, likienda na kugeuka. Likasimama usawa wa dirisha langu.

"MmaOnalenna!"

Nikajifunika blanketi hadi kichwani.

"MmaOnalenna, najua umeamka, moshi wako naona! Nimechemsha chai ya watu wawili nikikungojea. Huji?"

"Kuja kufanya nini?" nikajibu kutoka ndani.

"Si kumdai RraSeabelo!"

Nikafungua dirisha. Alikuwa amesimama wima katikati ya spinachi zake, viganja juu ya mipini, mvuke unamtoka mdomoni kwa baridi. Matuta mawili yalikuwa yameshapaliliwa.

"Mama," nikamwambia, "mimi mume wa mtu siendi kumdai."